Kiingereza cha kazini hakipatikani kwa kunakili ubaoni

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi sasa waajiri hapa nchini wamekuwa wakirudia lalamiko lile lile: kijana anaingia kwenye chumba cha usaili akiwa na cheti kizuri na barua ya maombi iliyopangiliwa vyema, lakini akitakiwa kujieleza kwa Kiingereza kwa dakika mbili tu, anababaika.

Lalamiko hilo lilipamba moto zaidi baada ya Julai 1, 2010, Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza kutumika. Wapo waliohofia kwamba nafasi za mapokezi hotelini, za uongozaji watalii na za ofisi za kampuni za kigeni zingechukuliwa na vijana wa nchi jirani, si kwa sababu wana ujuzi mkubwa zaidi, bali kwa sababu wanazungumza bila woga.

Bunge lilitunga Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni mwaka 2015 ili, pamoja na mambo mengine, kulinda nafasi za wazawa. Hata hivyo, sheria inaweza kumzuia mgeni asikalie kiti. Haiwezi kumfanya mzawa azungumze na mteja aliyesimama mbele yake.

Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: kijana huyo alifundishwa kuzungumza lini na wapi?

Jibu la haraka la wengi ni kwamba alisoma kwa Kiingereza miaka minne ya sekondari, wakati mwingine sita. Lakini kusoma masomo kwa lugha fulani na kufundishwa kuizungumza lugha hiyo ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kumetufikisha hapa.

Historia inatuonya. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliwasilisha ripoti kuhusu hali ya Kiingereza katika elimu ya Tanzania. Walibaini kuwa uwezo wa wanafunzi wengi wa sekondari ulikuwa chini mno kiasi kwamba lugha hiyo haikuweza kutumika ipasavyo kufundishia masomo mengine.

Kabla ya hapo, mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imependekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Badala yake, kuanzia 1987, ulikuja mradi uliofadhiliwa na Uingereza wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza, ambao sehemu yake kubwa ilikuwa kupeleka shuleni vitabu vya hadithi vya kusoma.

Vitabu ni jambo jema. Lakini mwanafunzi aliyesoma kitabu kimya kimya maktaba hakuwa amejifunza kupokea simu, kutuliza mteja mwenye hasira au kumweleza msimamizi kwamba mashine imeharibika.

Wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Martha Qorro, wameeleza kwa muda mrefu kwamba Kiingereza kinaweza kufundishwa vizuri kama somo, na walimu waliobobea, bila kulazimisha kiwe lugha ya kufundishia kila kitu. Hoja hiyo bado ina uzito leo. Anayetetea Kiswahili darasani hapingi Kiingereza kazini. Anadai kila lugha ifundishwe kwa njia inayostahili.

Tuliangalie darasa lenyewe. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Chukua darasa la wanafunzi 60, ambalo si kubwa kupita kiasi kwa shule zetu za kata. Mwalimu akizungumza nusu ya kipindi na kuwaachia wanafunzi nusu iliyobaki, mmoja baada ya mwingine, kila mwanafunzi anapata sekunde 20.

Kwa sekunde 20 mtu anaweza kutaja jina lake na anakotoka, kisha anaketi. Kesho yake hatafikiwa, kwa kuwa ukweli ni kwamba wanaonyoosha mikono ni wale wale watano wa dawati la mbele.

Sasa badilisha jambo moja tu. Katika zile dakika 20, wanafunzi wageukiane wawili wawili na wazungumze kwa zamu. Kila mmoja anapata dakika 10 za kuzungumza. Hakuna fedha iliyotumika, hakuna kompyuta iliyonunuliwa, wala darasa jipya halijajengwa.

Hesabu hiyo ndiyo msingi wa mbinu zilizoanza kuenea duniani tangu miaka ya 1970, pale walimu wa lugha walipoacha kuiona lugha kama orodha ya kanuni na kuanza kuiona kama kazi inayofanywa baina ya watu. Nchini India, N. S. Prabhu aliendesha mradi wa Bangalore kuanzia 1979 hadi 1984 katika shule za kawaida, ambamo wanafunzi walijifunza Kiingereza kwa kutatua mafumbo, kusoma ramani na ratiba za treni, badala ya kukariri sarufi.

Mfano wa India una maana kwetu kwa sababu haukuanzia London wala kwenye shule ya matajiri. Ulianzia kwenye madarasa yenye wanafunzi wengi na vifaa vichache.

Je, darasa la Kiingereza cha kazini linaweza kuwa na shughuli gani? Zipo nyingi, lakini chache zinatosha kuonyesha njia.

Ya kwanza ni ile ambayo kila mwanafunzi ana nusu ya taarifa. Mmoja ana fomu ya hoteli isiyojazwa. Mwenzake ana karatasi yenye jina la mgeni, namba ya pasipoti, tarehe ya kuwasili na idadi ya siku. Hairuhusiwi kuonyeshana karatasi. Fomu haitajazwa mpaka maswali yaulizwe na majibu yasikike vizuri.

Uzuri wa zoezi hili ni kwamba lina mwisho unaoonekana. Fomu ikijazwa kimakosa, wote wawili wanaliona kosa bila mwalimu kupaza sauti.

Ya pili ni zoezi la simu. Wanafunzi wawili wanakaa wakiwa wamepeana migongo, ili wasisaidiwe na midomo wala mikono. Mmoja anapiga, mwingine anapokea na kuandika ujumbe: nani amepiga, anamtaka nani, apigiwe namba gani. Hapo ndipo vijana wanapogundua kwamba hawajui kutaja herufi za majina yao kwa Kiingereza, na kwamba herufi za A, E na I kwa matamshi ya Kiingereza huwachanganya kwa kuwa zinagongana na irabu za Kiswahili.

Ya tatu ni igizo la kazi, lakini si lile la kukariri mazungumzo kutoka kitabuni. Mwanafunzi wa kwanza anapewa kadi inayosema yeye ni mhudumu na chumba cha mgeni hakijasafishwa. Wa pili anapewa kadi inayosema amesafiri saa 14 na amechoka. Hakuna anayejua kadi ya mwenzake inasema nini. Wa tatu anaangalia na kuandika mambo mawili: lililofanyika vizuri na la kurekebisha.

Ya nne ni ya kusimulia jambo moja mara tatu kwa watu watatu tofauti, kwanza kwa dakika nne, kisha tatu, kisha mbili. Kijana anaeleza, tuseme, jinsi ya kubadilisha tairi au kuandaa meza ya chakula cha jioni. Mbinu hiyo, iliyoelezwa kwa kina na mtaalamu Paul Nation, humfanya msemaji apunguze kusita kila anaporudia, kwa kuwa maneno ameshayapata na sasa anajifunza kuyatoa kwa wepesi.

Ya tano inawafaa zaidi wanafunzi wa ufundi: mmoja anatoa maelekezo ya kufunga au kufungua kifaa, mwingine anayarudia kwa sauti kabla ya kutenda. Asiporudia, haruhusiwi kugusa kitu.

Kurudia maelekezo si mchezo wa kitoto. Ni utaratibu wa kazi kwenye sekta ambazo kosa la lugha huua watu.

Machi 27, 1977, ndege mbili kubwa, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia katika kisiwa cha Tenerife na watu 583 wakafariki dunia. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, ukiwamo ukungu mzito. Lakini mojawapo ilikuwa maneno ya redioni: rubani msaidizi wa KLM alisema kwa Kiingereza kisicho sanifu kwamba wapo katika kuruka, mwongozaji wa ndege akaelewa kwamba wapo tayari wanasubiri ruhusa.

Baada ya ajali hiyo, maneno ya redio ya usafiri wa anga yalifanyiwa marekebisho. Baadaye Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliweka masharti ya lugha yaliyoanza kutumika Machi 2008: rubani na mwongozaji wa ndege wa safari za kimataifa lazima afikie angalau daraja la nne kati ya sita, na kinachopimwa ni kuzungumza na kusikiliza. Anayebaki katika daraja la nne hupimwa tena kila baada ya muda.

Upande wa bahari, Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilipitisha mwaka 2001 mkusanyiko wa misemo sanifu ya mawasiliano kwa ajili ya mabaharia. Baharia kutoka Ufilipino, mwenzake kutoka Ugiriki na mwongoza meli wa bandari ya Dar es Salaam wanaweza kuelewana bila hata mmoja wao kuwa Mwingereza.

Funzo lake kwa shule zetu ni kubwa. Kiingereza cha kazini hakina mwisho ukikiangalia kwa mbali, lakini ukikikaribia unakuta kila kazi ina hali zake chache zinazojirudia. Mhudumu wa mapokezi ana kama kumi. Fundi wa mgodini ana zake. Mwalimu akizijua hali hizo, anajua afundishe nini Jumatatu na nini Jumanne.

Hapa ndipo mwalimu wa Kitanzania ana faida ambayo mgeni hana, kwa sababu anajua Kiswahili kinapomkwaza mwanafunzi wake.

Chukua mfano wa saa. Dereva anayetafsiri neno kwa neno saa mbili asubuhi atamwambia mgeni kwamba gari litaondoka saa nane za usiku kwa hesabu zetu. Mgeni atakesha mlangoni, au atakosa ndege. Zoezi la dakika tano la kubadilisha saa, likirudiwa kila wiki, lingeokoa lawama nyingi.

Chukua neno nakuja. Kwa Kiswahili mhudumu anayeondoka kwenda jikoni husema nakuja, akimaanisha anarudi sasa hivi. Akilihamisha hivyo hivyo kwenda Kiingereza, mgeni anamshangaa mtu anayesema anakuja huku anaondoka.

Chukua neno pole. Mgeni anajikwaa ngazini, mhudumu anamwambia samahani kwa Kiingereza kwa kuwa ndilo neno la karibu analolijua, na mgeni anajiuliza kama mhudumu huyo ndiye aliyeiharibu ngazi.

Lakini mfano mzito kuliko yote ni wa maswali ya kukanusha. Msimamizi akimuuliza fundi kwa Kiswahili, hujafunga vali, fundi atajibu ndiyo, yaani ndiyo, sijafunga. Akiulizwa hivyo hivyo kwa Kiingereza na kujibu ndiyo, msimamizi wa kigeni ataelewa kwamba vali imefungwa. Kwenye mgodi, kiwanda cha gesi au karakana ya umeme, tofauti hiyo inaweza kuwa ya uhai na mauti.

Suala la heshima nalo halipaswi kupuuzwa. Mswahili anaonyesha adabu kwa neno naomba, kwa salamu ndefu na kwa sauti ya upole. Kiingereza cha huduma kinaonyesha adabu kwa kugeuza ombi kuwa swali. Kijana mwenye adabu zote anaweza kuonekana mkorofi kwa sababu tu amesema nipe pasipoti yako kwa lugha ambayo haina naomba ya namna yetu. Si kosa la malezi. Ni somo ambalo hakupewa.

Ikumbukwe pia kwamba wageni wengi si Waingereza. Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2023, na miongoni mwao wamo Wafaransa, Wajerumani, Waitaliano na Wapoland. Kwao Kiingereza ni lugha ya kuazima kama ilivyo kwetu. Kinachotakiwa hapo si lafudhi ya London bali ni sentensi fupi, sauti inayosikika na tabia ya kuuliza: nimekuelewa sawasawa?

Hilo peke yake lingewaondolea vijana wetu mzigo mkubwa wa aibu. Wengi hawanyamazi kwa kukosa maneno. Wananyamaza kwa kuogopa kuchekwa.

Woga huo tumeupanda wenyewe. Zipo shule ambazo mwanafunzi akikutwa anazungumza Kiswahili huchapwa au huvishwa kibao shingoni. Nia inaweza kuwa njema, lakini matokeo yake ni mwanafunzi anayejifunza kwamba njia salama ya kutokosea ni kufunga mdomo. Akifika kazini, anaendelea kuufunga.

Mwalimu anayetaka wanafunzi wazungumze hana budi kujizuia kuwakatiza kila wanapokosea. Anapita katikati ya madawati, anaandika makosa yanayojirudia, na dakika tano za mwisho anayaweka ubaoni bila kutaja majina. Kosa linarekebishwa, heshima ya mtu inabaki.

Vipo vikwazo vya kweli. Darasa la wanafunzi 60 wakizungumza kwa pamoja lina kelele, na wapo wakuu wa shule ambao wakisikia kelele hudhani mwalimu hayupo. Wapo wanafunzi watakaorudi kwenye Kiswahili mwalimu akigeuka. Na wapo walimu ambao wenyewe hawajiamini kuzungumza, kwa kuwa walipitia mfumo huo huo.

Vikwazo hivyo vinapunguzwa kwa kazi fupi yenye matokeo ya kuonyesha: fomu iliyojazwa, ujumbe ulioandikwa, mchoro uliochorwa kwa kusikiliza. Wanafunzi wakijua watadaiwa matokeo baada ya dakika nane, hawana muda mrefu wa kupiga soga.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote, hata hivyo, hakipo darasani. Kipo kwenye mtihani.

Mitaala ya sekondari ilihuishwa mwaka 2005 ili ijikite kwenye umahiri badala ya kukariri. Lakini mtihani wa taifa wa Kiingereza wa kidato cha nne umebaki kwa miaka mingi kuwa wa kalamu na karatasi. Mwanafunzi anaweza kupata alama ya juu bila kutamka neno hata moja mbele ya mtahini.

Majirani zetu wa Kenya angalau wameweka sehemu ya stadi za mazungumzo katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya mtihani wao wa kidato cha nne, ingawa nayo inajibiwa kwa maandishi. Si tiba kamili, lakini inamkumbusha mwalimu kwamba kuzungumza ni sehemu ya somo.

Mwalimu anapimwa kwa ufaulu. Mzazi anaulizia ufaulu. Ni vigumu kumlaumu mwalimu anayetumia dakika zake 40 kufundisha kile kitakachoulizwa.

Fursa ya kubadilika sasa ipo. Utekelezaji wa mitaala mipya ulianza Januari 2024, na mkondo wa amali umeingizwa katika elimu ya sekondari. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ilizinduliwa Februari 2025 na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma. Ikiwa kijana atajifunza useremala, umeme au huduma za hoteli akiwa kidato cha kwanza, hakuna sababu Kiingereza chake kisitoke kwenye karakana na jiko hilo hilo.

Vyuo vya ufundi stadi vina nafasi ya pekee, kwa kuwa tayari vinampima mwanafunzi kwa vitendo. Chuo kinachompima mpishi kwa chakula alichopika kinaweza pia kumpima kwa maelezo ya chakula hicho mbele ya mgeni. Dakika tatu kwa kila mwanafunzi zingetosha kuanzia.

Waajiri nao wana sehemu yao. Wapo wanaodai Kiingereza fasaha kwa kazi ambayo mhusika atahudumia Watanzania kwa Kiswahili kutwa nzima, na hivyo kuwaacha watu wenye ujuzi kwa sababu isiyo ya kikazi. Wengine wanakihitaji kweli, lakini wanategemea shule ifanye kila kitu. Mkutano wa asubuhi wa dakika 10, ambao kila mfanyakazi anaeleza kwa zamu kazi ya jana na hatari ya leo, ni darasa lisilo na ada.

Hakuna lolote kati ya haya linalopunguza hadhi ya Kiswahili, ambacho UNESCO ilikitengea Julai 7 kuwa siku yake duniani na ambacho SADC ilikifanya lugha rasmi mwaka 2019. Kinyume chake, fedheha ya Kiswahili ni pale kinapotumika kuwa kisingizio cha kufundisha Kiingereza vibaya, na fedheha ya Kiingereza ni pale kinapotumika kuwa kipimo cha akili ya mtu.

Wizara ya Elimu na Baraza la Mitihani wakiweka hata alama chache za kuzungumza, walimu watawageuza wanafunzi watazamane kesho asubuhi. Wasipoziweka, tutaendelea kuwapeleka vijana kwenye usaili wakiwa na sekunde zao 20, kisha tuwashangae wanapobabaika dakika ya pili.